Bata wa baharini wa Aktiki: dume kila mtu anamjua, kazi ipo kwa jike

Mzee wa Darubini (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa ndege wahamao niliahidi nitakuja na wa bata wa baharini, wengine mmenisumbua pm mpaka basi, haya leo nimepata nafasi. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mi naishi kaskazini kabisa ya Norway, upande wa ghuba ya Varanger, riziki yangu ni kiwanda cha samaki na nikitoka kazini nashika darubini. Huku jua linapotea kabisa toka mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari, afu likirudi, mwezi wa tatu hivi, bandari za Vadsø na Båtsfjord zimejaa bata na wageni wanashuka na malensi yao marefu kuja kuwapiga picha. Båtsfjord kuna mpaka kibanda cha kuelea, unakaa ndani usawa wa maji, bata wanakuja karibu yako kabisa.

Sasa hawa sio bata wa kufuga na sio wale wa kwenye mabwawa. Hawa wanaishi baharini muda mwingi wa mwaka, wanazama chini kutafuta kome, kaa wadogo na vinyama vingine vya sakafuni. Mmoja wao anaitwa eida, huyu anameza kome mzima na ganda lake, kazi ya kusaga anaachiwa firigisi. Na chumvi haimsumbui, juu ya macho ana tezi zinazoitoa mwilini, inamtoka puani.

Wakubwa wa huku ni eida, duniani wapo aina nne: eida wa kawaida, eida mfalme, eida miwani na eida wa Steller. Wa kawaida ndo bata mkubwa kuliko wote Ulaya, anagonga kilo mbili na zaidi. Wa Steller ni mdogo, hata kilo hafiki kwa kawaida.

Madume nitapita haraka maana hata mtoto anawajua. Wa kawaida: mgongo mweupe, tumbo jeusi, kofia nyeusi, kisogo kina kijani cha kupauka. Mfalme: utosi wa bluu ya kijivu, shavu kijani, mdomo mwekundu na juu yake ngao kubwa ya rangi ya chungwa, mgongo MWEUSI. Miwani: kichwa kijani, macho yamezungushiwa duara jeupe lenye ukingo mweusi, na kifua chake ni cheusi wakati wa kawaida na mfalme kifuani ni weupe. Steller: kichwa cheupe, koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa iliyofifia na doa jeusi ubavuni pale maji yanapogusa. Basi, dume kwisha.

Tatizo linaanza hapa. Ukijua dume tu hujui kitu. Kundi lina majike, lina vijana ambao dume anachukua mpaka mwaka wa tatu hivi ndo avae nguo kamili, halafu kuanzia Julai madume wazima wenyewe wanavua yale manyoya ya kifahari wanabaki weusi weusi na kahawia chafu, na kwa wiki tatu nne hawawezi hata kuruka maana manyoya ya mabawa yote yamedondoka kwa mpigo. Mtu anatoka Dar au Nairobi na hela zake anaenda kuona eida mwezi wa nane, anarudi na picha za vitu vya kahawia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: jifunze jike kwanza. Na jike usimwangalie rangi, mwangalie MDOMO, hasa pale manyoya yanapoishia.

Jike wa eida wa kawaida ana uso mrefu uliochongoka, toka utosini mpaka ncha ya mdomo ni mteremko mmoja karibu hauna kona. Manyoya ya shavuni yanaingia ubavuni mwa mdomo yanafika mpaka chini ya tundu la pua. Juu yake ngozi tupu ya mdomo inapanda kuelekea jichoni. Jike wa mfalme ni kinyume: manyoya ya paji la uso ndo yanashuka katikati juu ya mdomo yanaenda mbali, ya shavuni yanabaki nyuma. Mdomo wake mfupi, mweusi, na mstari wa kinywa unapinda juu kwa nyuma, yaani ukimwangalia unaona anatabasamu. Ukishaliona hilo tabasamu mara moja huwezi kumkosa tena.

Halafu mbavu. Wa kawaida ana mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini. Mfalme ana alama za hilali au V, V, V zimepangana. Kwenye darubini nzuri na maji yaliyotulia hii peke yake inatosha.

Jike wa miwani ana miwani pia, ila ya kahawia iliyopauka, na manyoya yanafunika mdomo mpaka kwenye tundu la pua. Wa Steller ni mweusi wa chokoleti, kichwa kina kona kona, mdomo wa kijivu ulio wazi kabisa hauna manyoya yanayoingia popote. Akiruka unaona kwenye bawa bluu iliyobanwa na mistari miwili myeupe.

Haya, maswali.

Mtu wa Mbagala

Aisee mkuu umejitahidi ila mbona haunisaidii kitu mi niko Mbagala, hawa bata nitawaona wapi? Tupe hata bei ya supu.

Mzee wa Darubini

Hawakusaidii kitu kabisa ndugu yangu, na huku kumpiga eida wakati wa kutaga ni kosa. Supu utakula ya kuku.

Chui wa Meru

Mkuu heshima. Mi ni mwongoza watalii Arusha, ndege ndo ugali wangu, kwa hiyo nakaa siti ya mbele kwenye huu uzi. Wa kwetu wanaotoka kaskazini nawajua, wale wanaokuja Novemba kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, yule mkia mshale, mdomo koleo na yule mdogo dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho. Hao wote wanakula juu juu ya maji au kwa kubinuka makalio juu, na wakishtuka wananyanyuka wima palepale.

Hao wako nadhani lazima wakimbie juu ya maji kwanza? Na kingine, wageni wangu wa Kiingereza wananitajia sana skota, wanasema ni bata weusi wa baharini ambao hata wao wanawachanganya. Hebu tuelezee.

Mzee wa Darubini

Chui umegonga penyewe. Eida na skota ni wazito, mabawa madogo kwa mwili wao, inabidi wakimbie juu ya maji wakipiga mabawa ndo wanyanyuke. Hilo peke yake linakutengea makundi mawili toka mbali hata kama huoni rangi.

Skota ndo balaa lenyewe. Dume ni jeusi tii, mko kilomita moja mbali, mawimbi yanapanda na kushuka, bata anaonekana sekunde mbili anapotea. Hapo rangi sahau kabisa, tumia TABIA.

Cha kwanza anavyozama. Skota wa kawaida anaruka kidogo juu halafu anaingia kichwa mbele, mabawa ameyabana mwilini. Skota mweupe-bawa wa Ulaya, ambaye ni mkubwa zaidi, anazama bila kuruka na anafungua mabawa kidogo akiingia. Ukiwa na kundi linalozama mbele yako subiri tu, wenyewe watakwambia.

Cha pili anavyojipiga mabawa. Bata akimaliza kujisafisha anainuka juu ya maji anapigapiga mabawa, si ndio? Skota wa kawaida akifanya hivyo anadondosha kichwa chini, shingo inakatika kama imevunjika, halafu anainua. Mweupe-bawa anaacha kichwa kimenyooka. Na hapohapo akiyafungua mabawa unaona ile sehemu nyeupe nyuma ya bawa ambayo akiwa ameketi majini mara nyingi inajificha kabisa, ndo maana watu wanamwandika skota wa kawaida wakati siye.

Majike: wa kawaida ana kofia nyeusi na shavu lote limepauka. Mweupe-bawa jike ana madoa mawili ya kupauka usoni, moja karibu na mdomo moja nyuma ya jicho. Dume la mweupe-bawa lina alama ndogo nyeupe chini ya jicho, lakini hiyo uombe Mungu maji yatulie.

Upande wa Amerika wapo ndugu zao, na yule dume mwenye paji jeupe na kisogo cheupe ndo rahisi kuliko wote. Wale wengine mpaka wataalamu wenyewe walikuwa hawajaamua ni aina ngapi, Wamarekani walimtenga skota mweusi wao na wa Ulaya mwaka 2010, afu 2019 wakaja kumtenga na mweupe-bawa. Ukinunua kitabu cha zamani utachanganyikiwa, nunua kipya.

Msee wa Kisauni

Salaam aleikum wadau. Mimi ni baharia, tulitia nanga Dutch Harbor kule Alaska wakati wa baridi, nilipiga picha kwa simu kupitia darubini ya nahodha, si nzuri lakini naeleza. Kulikuwa na kundi kubwa la bata, ndani yake mmoja mweusi mweusi hivi, kifua cheupe, mdomo rangi ya chungwa iliyopauka. Mwenzangu mmoja Mfilipino akasema huyo eida wa kawaida maanake wa Alaska wana mdomo wa chungwa. Mimi nikamwambia huyo ni mfalme. Tulibishana mpaka chakula cha jioni. Nani yuko sawa?

Chui wa Meru

Kwa maelezo ya mleta uzi mfalme ana ngao juu ya mdomo, huyu hana, mi nampa ushindi Mfilipino.

Mzee wa Darubini

Ngoja Chui usikimbilie. Msee, swali moja tu: mgongo wake ulikuwa rangi gani?

Msee wa Kisauni

Kahawia nyeusi. Hakuna nyeupe mgongoni hata kidogo. Na kichwa kahawia.

Mzee wa Darubini

Basi umeshinda wewe, huyo ni mfalme kijana, dume la msimu wa kwanza wa baridi. Mwenzako hakukosea kuhusu Alaska, ni kweli kabisa eida wa kawaida wa upande wa Pasifiki dume lina mdomo wa chungwa na chini ya koo lina mstari mweusi wa V. Ila ule mdomo mkali unakuja na dume zima, na dume zima mgongo ni mweupe. Huwezi kuwa na mdomo wa dume zima na mgongo wa kijana. Dume kijana wa eida wa kawaida naye anakuwa mweusi na kifua cheupe, lakini mdomo wake ni wa kijivu kijivu na uso ule mrefu uliochongoka. Mfalme kijana mdomo unaanza kupata njano chungwa mapema kabla ngao haijaota, na kichwa kimekaa cha mviringo zaidi, shingo fupi.

Hapa ndo mjue kwanini nasema umbo kwanza rangi baadaye. Mfilipino aliangalia rangi.

Msee wa Kisauni

Nimekuelewa sana, natuma hii kwa group ya meli leo leo 😂

Na wale wadogo waliokuwa karibu na mawe, mawimbi yanapiga wao wamo tu ndani, dume la bluu ya majivu lina michirizi myeupe na ubavu mwekundu wa kutu?

Binti Pangani

Huyo namjua mimi! Harlekini. Niko Iceland, niliolewa huku, na mto Laxá unaotoka ziwa Mývatn wanakaa kiangazi wakizaa. Jamani yule bata ana wazimu, maji yanatiririka meupe kabisa kwenye miamba na yeye anapanda mto kinyume na maji. Nilisoma kwamba mifupa ya harlekini kwenye majumba ya makumbusho ikipimwa inakutwa na mivunjiko mingi iliyopona yenyewe, kwa maisha hayo mi sishangai. Na sauti yake ni ya panya, anafanya cwii cwii, sio kwaa.

Jike lake la kahawia lina madoa meupe usoni, lile la sikioni ndo duara safi kabisa, mengine karibu na mdomo yamefifia fifia.

Baridi ikija wote wanashuka baharini kwenye mawe, kama alivyosema Msee.

Mzee wa Darubini

Dada asante, umenipunguzia kazi. Na kwa kuwa uko Iceland, angalia bata wanaoitwa macho-dhahabu wa hapo Mývatn. Dume akiwa na doa jeupe la MVIRINGO mbele ya jicho ni macho-dhahabu wa kawaida wa Ulaya, akiwa na HILALI ni wa Barrow, na Iceland ndo sehemu pekee ya Ulaya wa Barrow anapozaliana. Majike wao nitawaachia nyie mkosane.

Binti Pangani

Hilali, hilali, hilali. Nimeshacheki picha zangu zote 😄

Shemeji yangu huku ana shamba la eida, sio kwamba anawafuga, ni wa porini kabisa, ila wanakuja kutaga kwenye ardhi yake kila mwaka. Jike anajichomoa manyoya laini ya kifuani anatandika kiota, na wenye shamba wanakusanya sehemu tu wakati anaatamia na mengine baada ya vifaranga kuondoka. Viota kama 60 ndo unapata kilo moja ya manyoya yaliyosafishwa. Wanaweka vibendera vya rangi na hata redio shambani, wanasema eida wanapenda, na wanalala zamu kumfukuza mbweha.

Kitu kimoja nataka watu wajue: usimkurupushe jike kwenye kiota. Yule mama anaatamia siku 24 mpaka 26 karibu bila kula kabisa, anapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, dume ameshaondoka zake zamani. Ukimshtua akaruka ghafla anayanyunyizia mayai kinyesi, na kile kinyesi jamani, sio cha kawaida, kina mafuta na harufu inayoshika kwenye nguo, ukiosha mara ya kwanza bado ipo. Mbweha akinusa anaghairi. Nilikuwa nimevaa koti la mama mkwe.

Mtu wa Mbagala

😂😂😂 koti la mama mkwe. Haya uzi umeanza kunoga.

Mzee, sauti je? Maana umesema usiku mrefu huko, gizani mnawajuaje?

Mzee wa Darubini

Swali zuri hilo. Dume la eida wa kawaida lina sauti kama bi mkubwa aliyesimuliwa umbea wa ndoa ya jirani: "aaa-HUUU!", kichwa anarusha nyuma. Bandarini wakianza kumi kwa pamoja unacheka peke yako.

Wa Steller hasikiki kwa mdomo, anasikika kwa mabawa, akiruka yanapiga mluzi mkali. Kundi lao likipita juu yako gizani unajua ni nani. Na mchana utawajua kwa nidhamu, wanazama wote kwa pamoja, sekunde moja wako hamsini sekunde ya pili bahari tupu, halafu wanaibuka wote.

Mpiga kelele kuliko wote ni mkia-mrefu. Huyu sijamwelezea na ni kipenzi changu. Dume lina unyoya wa mkia mrefu umechongoka, mdomo mweusi una kiraka cha waridi katikati, na anaita "a-a-auliii, a-auliii" siku nzima. Ugumu wake ni kwamba anabadilisha manyoya mara nyingi kwa mwaka, wakati wa baridi kichwa ni cheupe chenye doa jeusi shavuni, kiangazi kinageuka, kichwa cheusi na uso ndo mweupe. Watu wawili wanaweza kupiga picha ya ndege yuleyule miezi tofauti wakabishana ni aina mbili. Dawa yake: akiruka tazama bawa. Mwili una weupe mwingi lakini bawa ni jeusi lote, juu na chini, halina mstari wala kioo, yaani kile kiraka cha rangi ya kung'aa. Bata mdogo wa baharini mwenye tumbo jeupe na bawa jeusi tupu, kwishney. Jike halina ule mkia, usimtafutie.

Huyu anazama hadi mita 60, na ndo kinachomponza. Kule bahari ya Baltiki walikuwa zaidi ya milioni nne mwanzoni mwa miaka ya 90, hesabu ya 2007 mpaka 2009 ikawakuta kama milioni moja na nusu. Sababu sio moja, ila nyavu za kutega zimo, bata anazama kufuata chakula ananasa huko chini anakufa maji. Sisi wa samaki tunalijua hilo japo hatupendi kulisema.

Chui wa Meru

Hapo kwenye nyavu umesema ukweli.

Ila narudi kwenye jike, kuna kitu nakataa. Kitabu nilichonacho kinasema jike la mfalme ni jekundu jekundu na la kawaida ni la kijivu kahawia, na michoro inaonyesha hivyo. Wewe unasema rangi tusiangalie. Mgeni akiniuliza nimfuate nani, wewe au kitabu?

Mzee wa Darubini

Kitabu hakidanganyi, kimeandikwa kwa sehemu moja tu. Kwa huku Norway mara nyingi inakubali, mfalme jike anavutia kwenye kutu kidogo. Sasa kipeleke pwani ya mashariki ya Kanada: majike wa eida wa kawaida wa kule ni wekundu wa kutu kweli kweli. Kipeleke Hudson Bay ndani, kwa Wainuiti wa Sanikiluaq, majike wa kule wamepauka kijivu, na hao hawahami, wanakaa baridi yote kwenye matundu ya maji kati ya barafu. Ni aina moja hiyohiyo. Ukienda kwa rangi utamwita jike wa Kanada mfalme, na kitabu mkononi.

Afu ongeza jua la mwezi wa tatu huku, linakaa chini chini karibu na upeo wa macho mchana kutwa, kila kitu kinakuwa cha dhahabu. Jike la kijivu saa nne asubuhi, saa nane ni jekundu. Ila manyoya yaliyoishia kwenye tundu la pua hayahami kwa sababu jua limeshuka.

Chui wa Meru

Haya, hilo la jua limenimaliza. Nimenyoosha mikono.

Msee wa Kisauni

Na huyu wa miwani mbona hamumzungumzii? Nilikaa bahari ya Bering wiki kadhaa sikumwona hata mmoja.

Mzee wa Darubini

Hukumwona kwa sababu karibu hakuna anayemwona wakati wa baridi. Huyu alikuwa fumbo. Watafiti walijua anazaa Alaska na Siberia, ikifika baridi anayeyuka, haijulikani yuko wapi. Mwaka 1995 ndo wakafuatilia bata waliowawekea vifaa vya setilaiti, wakaruka na ndege juu ya Bering, kusini ya kisiwa cha St. Lawrence, wakakuta katikati ya barafu kuna matundu ya maji na ndani yake bata wamejazana bega kwa bega, maelfu kwa maelfu. Hesabu za miaka iliyofuata zikapita laki tatu. Karibu dunia nzima ya eida miwani iko pale, wanazama kula vinyama vidogo vya ganda vya sakafuni, jamii ya kome. Meli yako haiwezi kupita hapo Msee, labda uwe kwenye ya kuvunja barafu.

Hii nayo inasikitisha: kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim, Alaska, waliporomoka kwa zaidi ya asilimia 90 toka miaka ya 70, wakawekwa kwenye orodha ya walio hatarini Marekani mwaka 1993. Moja ya sababu ni risasi za madini ya risasi, zile chembe ndogo za bunduki ya ndege zinabaki kwenye matope, bata anameza akidhani ni kijiwe cha firigisi, sumu inamuua taratibu. Marekani ilikataza hizo risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima 1991.

Anayetaka kumwona kwa urahisi kidogo aende Utqiaġvik, juu kabisa Alaska, mwezi wa sita mwanzoni. Pale eida wote wanne wanawezekana, na wafalme wanapita kwa mistari mirefu juu ya barafu.

Binti Pangani

Mume wangu anataka twende Svalbard, vile visiwa vya Norway kaskazini kabisa, mwezi wa saba, anasema kiangazi ndo pazuri. Nimwambie nini?

Mzee wa Darubini

Mwambie mwezi wa sita, wiki za mwanzo. Madume bado yamo na nguo zao, na mabwawa ya bonde la Adventdalen nje ya mji wa Longyearbyen wafalme wanashuka karibu na barabara, huhitaji hata boti. Mkiwa hapo piteni kwenye mabanda ya mbwa wa kuvuta sledi, mtakuta eida wa kawaida wamejazana wanaatamia nje ya uzio, tena wengi. Mbwa wamefungwa, mbweha anawaogopa mbwa, eida wameshafanya hesabu. Simameni barabarani tu msiingie, na nje ya mji hamruhusiwi kutembea hivi hivi, dubu weupe wapo na wao mayai ya eida wanayapenda sana.

Na mkikuta bata amekufa msimguse, mafua ya ndege yamewapiga eida vibaya, 2022 walikufa wengi kule mto St. Lawrence, Kanada.

Mtu wa Mbagala

Haya mzee nami nijaribu, nimeingia google nimekuta picha imeandikwa eida wa Steller jike. Wa kahawia, kwenye bawa kuna bluu na pembeni mistari miwili myeupe, kama ulivyosema. Ila nyuma yake naona mtoto anatupa mkate.

Chui wa Meru

😂 Mzee niachie hii. Mdomo wake una rangi gani?

Mtu wa Mbagala

Chungwa chungwa imechanganyika na nyeusi. Na kuna mstari mweusi unapita jichoni.

Chui wa Meru

Mdomo wa Steller jike ni kijivu mtupu, na mwili wote ni chokoleti nyeusi, hana mstari jichoni. Huyo ni jike la bata kichwa-kijani, wa kwenye bustani za Ulaya, bawa lao linafanana kweli. Aliyeiweka picha ameangalia bawa akaishia hapo.

Mzee wa Darubini

Sahihi. Mwambie aliyeiweka abadilishe jina.